Nipe Mji: Kitendawili, Hesabu na Safari ya Rungwa

Aliyelelewa katika barza zetu hahitaji kuelezwa maana ya kutoa mji. Mtegaji husema «Kitendawili!», wakajibu waliokaa mkekani «Tega!», naye akatega. Wakishindwa, humwambia wameshindwa, naye huwadai mji. Hapo ndipo penye utamu. Hupewa Mombasa akaikataa, hupewa Bagamoyo akaikunjia uso, mpaka apewe mji unaomridhisha; kisha huueleza alivyokwenda huko, alivyokula na alivyokirimiwa, ndipo atoe jibu. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba miji yote ya dunia iliwahi kumilikiwa na bibi yangu, kwa jinsi tulivyokuwa tukimpa usiku baada ya usiku.

Rungwa haikuwahi kutajwa katika mikeka yetu. Mwenye kutaka kuijua aifuate Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, ateremke Itigi, kisha aelekee kusini kwa barabara ya Chunya. Ni kata ya wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, kandokando ya pori la akiba lenye jina hilo hilo, pori lililotengwa tangu zama za Waingereza. Mto Rungwa nao humwaga maji yake Ziwa Rukwa. Nchi hiyo ni Ukimbu. Wakimbu walijulikana kwa uwindaji na kwa asali, na hata leo anayesafiri huko huona mizinga ya magogo imetundikwa mitini.

Nilipita Rungwa mara moja tu, na kilichonisimamisha ni jambo dogo. Basi lilipumzika, abiria wakashuka kutafuta chai. Kibarazani mwa duka watoto watatu walikuwa wameinamia simu moja, ya mwenye duka nadhani, wanacheza mchezo wa kufundishia hesabu. Mchezo ule ulikuwa wa Kiswahili. Yaani maneno yake yalikuwa ya Kiswahili. Ilitokea picha ya jua linachomoza na jogoo anawika, na juu yake saa ya ukutani, mshale mfupi kwenye saba na mrefu kwenye kumi na mbili. Chini yalikuwapo majibu matatu, na la kuchagua ni moja. Mvulana mkubwa wao, wa umri wa miaka tisa hivi, alibonyeza «saa moja» bila ya kusita. Simu ikatoa alama nyekundu. Akabonyeza tena «saa moja», safari hii kwa nguvu zaidi, kana kwamba chombo hakikumsikia. Nyekundu tena. Mdogo wake akajaribu «saa saba», na maua yakamwagika kioo kizima.

«Saa saba jua linatoka?» aliuliza yule mkubwa. Hakuuliza mtu, aliiuliza simu.

Nimeitafakari sana sauti ile. Mtoto yule alikuwa na hesabu sahihi. Alijua, kama ajuavyo kila azungumzaye Kiswahili tangu Barawa hadi Kilwa, kwamba mchana huanza kuhesabiwa jua linapotoka, na kwamba mshale unaoashiria saba asubuhi husomwa moja. Aliyekosea ni mfasiri. Naye mfasiri, kwa kuwa ni mwenzangu wa kazi, najua namna alivyokosea: aliona neno la Kiingereza lenye maana ya saba, akaliandika saba, akapita. Mimi mwenyewe nimefanya makosa mabaya zaidi ya hayo. Lakini langu lilikaa katika kitabu ambacho walikisoma watu wazima, nao walinicheka. Hili limekaa mkononi mwa mtoto, nalo linamwambia kwamba yeye ndiye mjinga.

Kwa hiyo nataka kusimulia kwa ufupi historia ya mchezo wa akili katika lugha yetu, maneno na hesabu pamoja. Michezo hii ya simu na kompyuta imekuja kwetu kana kwamba imekuta uwanja mtupu, na sisi wenyewe tumeipokea hivyo hivyo.

Nianze na Kinyume. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja na aliyekuja kuwa askofu, alichapisha kitabu chake cha kufunza Kiswahili, na mwishoni mwake akatia mifano ya mchezo wa lugha aliousikia hapa ukiitwa Kinyume. Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho ya neno hutolewa ikawekwa mwanzo. Nyumba huwa mbanyu, kitabu huwa bukita. Watu waliizungumza lugha hiyo kwa kasi mbele ya asiyeijua, naye akabaki ameduwaa. Wazee wetu wengine waliwahi kuizungumza kwa ufasaha, na aghalabu waliitumia wasipotaka sisi watoto tujue nani anaolewa.

Tazama sasa kilichofichika ndani ya mchezo ule. Ukilichukua neno lenye silabi mbili, mathalan Rungwa, ukaligeuza, linakuwa Ngwaru. Ukiligeuza tena linarudi Rungwa. Mara mbili, basi, umefika nyumbani. Neno lenye silabi tatu halikubali: Unguja huwa Jaungu, kisha Ngujau, na kwa mara ya tatu tu ndipo Unguja hurejea mahali pake. Silabi nne, mara nne. Mtoto aliyeucheza mchezo huo alikuwa tayari ameingia katika mlango wa hesabu ambao wanafunzi wa vyuo vikuu huuingia kwa majina makubwa, nao ni hesabu ya vitu vinavyozunguka na kurejea. Na aliingia kwa njia ya silabi. Hapo ndipo Kiswahili kilipotofautiana na Kiingereza, na hapo ndipo waundaji wengi wa michezo ya maneno wanapojikwaa.

Kiingereza huchezewa kwa herufi. Mchezo wa Wordle, ulioshika dunia tangu mwishoni mwa 2021, humtaka mchezaji abuni neno la herufi tano. Uige mchezo huo kwa Kiswahili bila ya kuubadili, na mara moja utaona ulivyopwaya: maneno yetu karibu yote humalizikia kwa irabu, na irabu ni tano tu, basi herufi ya mwisho imekwisha kuwa nusu ya zawadi. Kisha utafanyaje na ng', na ny, na mb? Je, «ng'ombe» ni herufi ngapi? Mtoto wa darasa la kwanza atakwambia ni silabi mbili, ng'o na mbe, naye amesema kweli. Lugha yetu hukatika hapo. Mshairi halijui hilo kwa kusoma. Analijua kwa vidole anapohesabu mizani.

Mizani nayo ni hesabu. Ubeti wa shairi la kawaida una mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani minane. Zidisha: sitini na nne. Na bao letu la kete lina safu nne za mashimo manane, na kete zake zote ni sitini na nne. Sidai kwamba moja limelizaa jingine. Nimewahi kulisema jambo hili barazani, na bingwa mmoja wa bao akanijibu kwamba washairi hupenda kuona udugu pasipo na udugu, nikanyamaza. Hata hivyo, mkono uliozoea kugawa vitu nane nane kwa safu nne si mgeni wa hesabu, uwe umeshika kete au kalamu.

Kuhusu bao nisingependa kusema mengi, maana wanaolijua watanisahihisha na wasiolijua hawatafaidika. Niseme tu kwamba katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na ishirini na mbili mkononi za kunamua. Anayenamua hulazimika kuona, kabla ya kugusa, kete zitakapolala, zitakapokula, zitakapoendelea kutakata, na mwenzake atakalobakiwa nalo. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar katika miaka ya 1990 ili apime uwezo huo wa kuona mbele, akauandikia kitabu kizima, mwaka 1995. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akiwa ameinamia ubao zinajulikana. Wasukuma huliita la kwao isolo. Wala si watu wa pwani peke yao waliokuwa na mchezo wa safu nne. Ubao huo umeenea bara kote, na kila kabila lina kanuni zake.

Kuna chemshabongo nyingine ambayo huwa nafurahi kuikumbuka. Mtu wa ng'ambo alifika kwa sultani akakataa kumlipa kodi. Akaambiwa: hapa pana chui, mbuzi na majani, uvivushe vyote umpelekee mwana wa sultani. Chombo chako kinachukua viwili tu pamoja nawe, na usiache viwili pamoja ufukweni. Ukiweza, sisi ndio tutakaokulipa kodi; ukishindwa, roho yako. Kisa hiki kilisimuliwa Zanzibar, na Marcia Ascher, mwanahisabati wa Marekani, alikitaja katika makala yake ya mwaka 1990 alipokuwa akilinganisha mafumbo ya kuvuka maji duniani. Ulaya wana la kwao, la mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, lililomo katika mkusanyiko wa kale unaonasibishwa na Alcuin, mwanazuoni wa baraza la Charlemagne aliyefariki mwaka 804, mkusanyiko ambao jina lake laweza kufasiriwa kuwa maswali ya kuwanoa vijana. La kwao chombo huchukua kimoja tu, na safari za kuvuka ni saba. La kwetu chombo huchukua viwili, na safari ni tatu: vuka na mbuzi na majani, yaache majani, rudi na mbuzi, mchukue chui, vuka nao wote wawili. Ascher aliligundua jambo lenye maana, kwamba fumbo la Zanzibar si nakala ya lile la Ulaya iliyobadilishwa wanyama. Mantiki yake ni nyingine.

Nimeona zaidi ya mara moja michezo ya simu yenye fumbo hilo, na katika yote kulikuwa na mbwa mwitu na kabichi. Mtoto wa Rungwa anaishi jirani na chui. Si chui wa picha. Chui wa porini, ambaye baba yake huzungumza habari zake kwa sauti ya chini. Kumpa mtoto huyo kabichi ni kumnyima hofu, na fumbo lisilo na hofu ndani yake halimnoi mtu.

Washairi wa kale walilijua hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliacha mashairi ya kufumba na kufumbua ambayo yalikuwa ni silaha za kisiasa. Asiyefumbua alikuwa ameshindwa vita. Dura Mandhuma imepangwa kwa herufi za alifu hadi mwisho wake, kila herufi na zamu yake, ikawa ni shairi na ni chombo cha kufundishia herufi kwa pamoja. Watunzi wa tenzi waliweka tarehe na idadi ya beti mwishoni, msomaji akahesabu mwenyewe ajue kama nakala yake imepungua. Walikuwa wakimfanyia mtihani msomaji, naye akaupenda.

Yote hayo, mtu ataniuliza, yanaihusu vipi Rungwa? Yale ni mambo ya pwani.

Nilidhani hivyo mimi pia. Kisha nikakumbuka fungate. Sisi twalitumia neno hilo kwa siku za harusi, na vijana wa leo hulitumia hata kwa siku tatu au mwezi mzima. Asili yake ni saba. Katika Kiswahili cha kale, kabla ya sita na saba za Kiarabu kukaa mahali pake, watu walisema tandatu na fungate, na kenda kwa tisa. Sasa wasikilize Wasukuma na Wanyamwezi, ambao lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kikimbu, wanapohesabu: sita yao ina tandatu ndani yake, saba ni mpungate, tisa ni kenda. Hesabu ambayo sisi tumeibakiza katika harusi na katika tenzi, wao wanaihesabia ng'ombe. Mtoto wa Rungwa akifundishwa neno fungate, huenda akalitambua kabla ya mtoto wa Mji Mkongwe.

Na Kiswahili hakikuingia Ukimbu kwa vitabu vya shule. Misafara ya pembe ilipita huko katika karne ya 19, na wafanyabiashara wa pwani walijenga makazi Kiwele. Ndiyo zama za Nyungu ya Mawe, mtawala aliyeikusanya nchi ya Wakimbu chini ya mkono mmoja kabla ya kufariki kwake mwaka 1884. Aylward Shorter, padri aliyeandika historia ya Wakimbu mwaka 1972, ameyaeleza hayo kwa urefu. Jina lenyewe ni kitendawili. Nyungu ni chungu cha kupikia; na chungu cha mawe ni chungu gani? Ni kile kisichovunjika. Mtu aliyejiita hivyo alijua kutega.

Baadaye ndipo kikaja Kiswahili cha serikali. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, Kiunguja kikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa njia hiyo maneno ya barza zetu yakaenda kuwa lugha ya ubao mweusi katika shule za Manyoni. Sisi wa visiwani tumezoea kujivunia jambo hilo. Mimi naliona kuwa ni deni. Ukimpa mtu lugha yako aifanyie hesabu, usimpe maneno ukamnyima saa.

Haikukosekana kazi nzuri. Baada ya uhuru walitokea watu wakaitafutia hisabati maneno, nami kila niyasomapo huona kwamba walikuwa washairi waliojificha wizarani na vyuoni. Pembetatu. Kigawo kikubwa cha shirika, kana kwamba namba zimefungua duka la ushirika. Shufwa na witiri, ambazo Mwislamu wa pwani anazijua tangu madrasani, maana witiri ni sala ya usiku yenye rakaa zisizogawanyika kwa mbili. Na namba tasa! Ile isiyozaa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake. Kiingereza huiita namba hiyo kwa neno lenye maana ya kwanza, au ya msingi. Sisi tumeiona upweke wake. Mtoto wa darasa la tano anayeambiwa kwamba kumi na saba ni tasa ameshapewa hadithi nusu, na mwalimu hodari ataimalizia.

Lakini Tanzania inamfundisha mtoto namba tasa katika shule ya msingi, kisha akifika kidato cha kwanza humwondolea msamiati wote huo kwa siku moja na kumkabidhi mwingine wa Kiingereza. Katika hilo mabishano ni ya miaka mingi, na wengi wamekwisha kuandika kwa elimu kuniliko. Nalitaja kwa sababu ya michezo. Anayeunda mchezo wa hesabu wa kuuza duniani atauliza kwa nini ajisumbue na shufwa, ikiwa nchi yenyewe huliacha neno hilo mlangoni mwa sekondari.

Wapo waliojisumbua, na haki yao isemwe. Dar es Salaam, mwezi Januari 2014, kilianza kuonekana katika televisheni kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichofundisha hesabu kwa nyimbo za Kiswahili, na watazamaji waliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu. Simu ya kawaida, isiyo na kioo wala maua. Nairobi walikuwapo Eneza, waliotumia ujumbe mfupi vilevile kuwapelekea wanafunzi maswali na masahihisho. Ujumbe mfupi ni jambo la kuzingatia: huuliza, hungoja, hujibiwa. Hiyo ni tabia ya kitendawili kuliko ya televisheni.

Kisha Tanga. Wasomaji wengi watakuwa walizisikia habari zake, maana zilivuma, ila zilivuma kwa upande wa fedha. Mfuko wa XPRIZE wa Marekani ulitangaza shindano, kwa fedha alizotoa Elon Musk: atakayeunda programu ya kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila ya mwalimu, atapewa dola milioni kumi. Uwanja wa majaribio ukawa ni mkoa wa Tanga, na lugha ikawa ni Kiswahili. Tangu mwishoni mwa 2017, kwa muda wa miezi kumi na mitano, karibu watoto 3,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google na kuchajiwa kwa umeme wa jua. UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali ya Tanzania walishiriki. Timu tano zilifika hatua hiyo. Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa majaribio idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi ikagawanywa baina ya timu mbili, onebillion na Kitkit School, na programu zikaachwa wazi kwa atakaye kuzichukua.

Nimeyasoma maandishi ya wanaosifu na ya wanaobeza. Wanaobeza husema kwamba mtoto anahitaji mwalimu, si kioo. Ni kweli, lakini wengi wa watoto wale hawakuwa na mwalimu wa kuchagua badala ya kioo. Hawakuwa na chochote. Wanaosifu husema kwamba teknolojia imeshinda. Mimi naona jambo la tatu ambalo sikuliona likiandikwa. Kwa mara ya kwanza watu wa mbali, wenye fedha na ujuzi, walilazimishwa na masharti ya shindano kuunda mchezo ambao tangu mwanzo utasimama au kuanguka kwa Kiswahili. Mchezo ule wa kibarazani Rungwa ulikuwa umetungwa kwa lugha nyingine, kisha ukavalishwa kanzu. Kati ya kutunga na kuvalisha pana umbali, na mfasiri ndiye anayeujua umbali huo kwa sababu ndiye anayeutembea.

Mwalimu Nyerere aliutembea. Alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, alikutana na fumbo la makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, ambalo wachumba wa Portia hulazimika kulifumbua. Fumbo lile hufasirika, kwa sababu limejengwa juu ya vitu, na dhahabu hung'aa kwa kila lugha. Kitendawili kilichojengwa juu ya sauti ya neno hakifasiriki; hicho hutungwa upya, au huachwa. Na saa haifasiriki pia. Saa hujuliwa.

Kazi yenyewe si kubwa. Haihitaji dola milioni kumi. Wanahitajika watu wachache, wanaojua Kiswahili na wanaojua hesabu, wakae na anayejua programu wamwambie: hapa ni saa moja, si saba, neno hili likate kwa silabi, huyu mfanye chui, hapa mpe mtoto Kinyume aone neno la silabi tatu linavyozunguka. Tunazo taasisi. TAKILUKI ilikuwako Zanzibar, BAKITA na BAKIZA wapo. Washairi tupo wengi mno, wengine wetu hatuna kazi ya maana mchana. Sijui kwa nini tumedhani kwamba mambo ya kompyuta ni ya wengine, wakati kuhesabu mizani na kuficha maana ndiyo shughuli tuliyoifanya kwa karne kadhaa.

Nirudi Rungwa kidogo, maana basi lilikuwa bado halijaondoka.

Nilikaa na wale watoto kibarazani. Waliniamkia, «Shikamoo babu», nami nikawaitikia, ingawa ubabu ulinichoma kidogo. Nilimwambia yule mkubwa kwamba yeye ndiye aliyepata na simu ndiyo iliyokosa. Alinitazama kwa shaka. Maua yalikuwa yamemwagikia mdogo wake, si yeye. Ili kumliwaza nikamwuliza kama anajua vitendawili. Akasema anavijua. Nikamtegea cha nyumba isiyo na mlango, akajibu yai hata sijamaliza, kwa dharau. Nikamwambia atege yeye.

«Kitendawili!»

«Tega!»

«Mafundi maelfu, hawana kamba wala rula, vyumba vyao vyote sawasawa.»

Nilifikiri. Nilifikiri kwa dhati, mtu mzima niliyekwisha kuandika diwani nzima. Nikasema mchwa, akatikisa kichwa. Nikasema wafungwa, wakacheka wote watatu. Nikakiri kushindwa.

«Nipe mji.»

Nikampa Singida, akasema anaujua, shangazi yake anakaa huko. Nikampa Dodoma. Akafikiri akakataa. Nikampa Dar es Salaam, akasema huko kuna joto. Ndipo nikaona haya, nikampa Unguja, mji wangu mwenyewe.

Akauliza kama una treni. Nikamwambia hauna, una bahari. Akashauriana na wenzake kwa Kikimbu, au kwa Kinyamwezi, sikuweza kutofautisha, kisha akaukubali. Akaanza kueleza alivyofika Unguja: amepokewa na mfalme, amelala kitanda cha juu, amekula samaki mkubwa kama mlango huu, na amekunywa bahari ikabaki nusu. Dereva akapiga honi. Mtoto hakutaka kukatizwa. Alikuwa bado hajamaliza kula. Nilipanda basi nikiwa nimekwisha kuutoa mji na sijapewa jibu.

Tulikwenda mwendo wa nusu saa kuelekea Chunya, vumbi dirishani, nikawa naangalia miti inavyopita. Kwenye tawi la mti mmoja palikuwa na mzinga wa gogo, na baada yake mwingine.